Aliye Nyuma ya Kamba Ndiye Dereva

Gari la shemeji yangu lilizimika Mdaula, jua la saa nane, tukirudi Dar kutoka msibani Morogoro. Pampu ya maji ilikuwa imekufa. Baada ya kupunga mikono weee, akasimama msamaria mwenye pikapu, akatoa kamba ya katani nyuma ya kiti, akakubali kutuvuta mpaka Chalinze. Shemeji akapanda mbele kwenye pikapu, eti akamwelekeze mwenye gari. Kwenye usukani wa gari bovu akapandishwa mpwa wetu wa miaka 17, asiye na leseni, akaambiwa: "Wewe shika usukani tu, hakuna cha kuendesha."

Kauli hiyo nimeisikia maisha yangu yote, na kila nikiisikia tumbo hunikata. Watu tunaamini gari linalovutwa ni mzigo, kama gunia la mkaa. Kwa hiyo anakaa pale yeyote aliyebaki: utingo, mtoto wa mwenye gari, wakati mwingine abiria aliyejitolea. Dereva mzoefu anakwenda mbele kwenye gari zima, ambako kazi ni nyepesi.

Kamba huvuta, haisukumi. Wa mbele akikanyaga breki, kamba inalegea, na gari la nyuma linaendelea kuja na uzito wake wote. Kitakachozuia bampa zisibusiane ni mguu wa aliye nyuma, basi. Tena hatakiwi kungoja mpaka kamba ilale chini. Anatakiwa aguse breki mapema, aiweke kamba imenyooka muda wote, kwa sababu kamba iliyolegea ikikazwa kwa kishindo ndipo inapokatika, au inapong'oa kile ilichofungiwa. Na kama ni mnyororo au waya, ukikatika hauanguki kistaarabu, unarudi kama mjeledi. Ndiyo maana nawafukuza wanaopenda kusimama karibu wakitazama.

Haya, na breki zenyewe? Injini ikizimwa, busta, ile inayousaidia mguu kukanyaga breki, inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe. Breki zipo, ila zinadai mguu wa mtu mzima, aliyeambiwa mapema kwamba hali itakuwa hiyo. Usukani nao unakuwa mzito. Nilipomchungulia mpwa wangu dirishani nikakuta amechomoa ufunguo na kuutia mfukoni, asimalize betri. Ufunguo ukitoka, usukani hujifunga, na ukijifunga kwenye kona, hata dereva mwenye uzoefu wa miaka 30 hana la kufanya. Nikamwambia hama, mjomba, kaa kushoto. Nikarudisha ufunguo, nikauzungusha mpaka usukani ulipoachia, nikawasha taa za hatari.

Uingereza jambo hili limeandikwa waziwazi: anayeshika usukani wa gari linalovutwa lazima awe na leseni. Umbali kati ya magari mawili yaliyofungwa kamba usizidi mita 4.5, na ukipita mita 1.5 kamba ifanywe ionekane na watu wa pembeni, hata kwa kitambaa chenye rangi kali. Kitambaa! Kitu ambacho kila mama kwenye gari anacho. Ujerumani, ukivutwa kwenye barabara kuu ya kasi unatakiwa kutoka kwenye njia ya kwanza ya kutokea, na magari yote mawili yawashe taa za hatari. Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na trafiki wetu wanajua kukagua pembetatu na kizimamoto. Ninachokitamani ni kwamba magari mawili yakipita yamefungwa kamba, trafiki aanze na yule wa nyuma: leseni iko wapi?

Kwa malori sina utani kabisa. Breki za lori kubwa zinategemea upepo. Upepo ukiisha, springi zinabana magurudumu na lori halisogei, na hilo limewekwa makusudi. Fundi wa barabarani anaingia chini na spana, anazibana springi zile, lori linakuwa huru. Huru kweli: bila injini ya kujaza upepo, dereva akikanyaga anakanyaga hewa. Kulivuta lori la namna hiyo kwa mnyororo kuteremka Kitonga ni kuwaombea mauti walioko mbele. Hapo panatakiwa fimbo ya chuma isiyokunjika, na bomba la upepo kutoka lori linalovuta. Vikikosekana, subirini bredauni, hata kama ni kulala hapo.

Na tukishaondoka, yale majani na mawe tuliyopanga barabarani tunamwachia nani? Usiku jiwe la kukingia tairi halina taa. (Wanaosukumana kwa mguu, bodaboda kwa bodaboda, ninyi nitawaandikia siku yenu.)

Tulifika Chalinze salama, mwendo wa baiskeli, mguu wangu wa kulia ukitetemeka. Nikajipongeza mapema. Gari lile ni la oto, na giaboksi yake hupata mafuta pampu yake ikizungushwa na injini. Injini imezimwa, magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana vikavu zaidi ya kilomita 10. Lilitakiwa kuinuliwa magurudumu yale yanayozungushwa na injini, au kupakiwa zima. Mimi niliyekuwa najua mambo ya kamba, hilo sikuliwaza kabisa.

Pampu ya maji ilibadilishwa siku ileile. Wiki ya pili gia zikaanza kuteleza, na shemeji akaenda eneo la Gerezani, Dar, kutafuta giaboksi ya mtumba, kwa bei ambayo bredauni ingetuleta mpaka mlangoni na chenji ikabaki. Mpaka leo anawaambia watu lile gari lilikuwa na mkosi.