Sikupandisha Mashetani, Nilikuwa Napumua

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti ya rafiki yangu, anayosema nilipandisha mashetani ufukweni, na mimi nisikilizwe.

Pale ufukwe wa Coco, Dar, wenzangu wa klabu ya mbio wananyoosha viungo, mimi nikajitenga pembeni, macho nimefumba, navuta hewa na kuitoa kwa fujo kama video zilivyonifundisha. Nijaze oksijeni ya akiba, halafu Daraja la Tanzanite nilipande nikiwaacha wote, hata yule mzee wa raba nyeupe anayenipitaga huku anaongea na simu.

Midomo ikafa ganzi. Nikasema safi, dawa inaingia. Nikaongeza kasi. Mara kidole gumba cha kulia kikalala taratibu kiganjani, wala sijakituma. Vingine vikanyooka, vikabanana, kiganja kikapinda. Mkono wa kushoto nao ukafuata. Nikabaki na mikono ya kaa, na mdomo umekaza.

Muuza madafu akaweka panga chini. Nyie, muuza madafu akiweka panga chini kwa ajili yako, ujue hali si hali! Mama mmoja akaanza kunisomea Ayatul Kursi. Mwingine akakemea kwa jina la Yesu. Sauti zikashindana. Kwa hofu nikazidi kuhema, na nilivyozidi kuhema ndivyo mikono ilivyozidi kujikunja, wakapata uhakika kwamba kimeshapanda. Mmoja akaniuliza, kwa heshima zote: "Wewe ni nani, na unataka nini?"

Nilitaka maji. Ikatoka "mmma... mmma..."

"Anataka marashi!"

(Wewe unayecheka, nakuona.)

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa klabu, nesi. Akanikalisha. "Kaka, toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyovuta." Tukaenda hivyo, kama mara 6 kwa dakika, kanishika mshipa wa mkono: ukivuta moyo unakimbia kidogo, ukitoa unapoa. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Akanisomea mashtaka: damu yangu ilikuwa na oksijeni yake tayari, asilimia 95 na zaidi, sikuwa na pa kuongeza. Nilichofanya ni kuifukuza hewa ukaa. Ikishuka sana, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, kalsiamu huru kwenye damu inapungua, misuli inakaza yenyewe.

Daraja sikupanda. Nilirudi na bodaboda. Mama wa Ayatul Kursi kachukua namba yangu, anamjua fundi Tanga. Na muuza madafu kanidai hela ya dafu alilonimwagia kichwani.