Shangazi hanywi, na kongosho lilivimba

Usiku tulipomfikisha shangazi hospitali, swali la kwanza lilikuwa: "Mama, unatumia pombe?" Akasema hapana. Akaulizwa tena, safari hii muuguzi akinitazama mimi. Shangazi ni mwanakwaya wa miaka mingi. Ulanzi, pombe ya mianzi, anaujua kwa harufu tu, ukipita na majirani.

Wiki kadhaa kabla ya hapo sisi wenyewe tulikuwa tumekosea kwa namna yetu. Huku Iringa tumbo likiuma juu ya kitovu, jina tunalo tayari: vidonda. Basi akatafuna magnesiamu, akanywa maji ya kabichi, akaacha maharage. Maumivu yalikuja na kuondoka, hasa akila kitimoto au maandazi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mafuta ndiyo yanamchokoza.

Usiku ule yalikuja na hayakuondoka. Nilimkuta amepiga magoti mkekani, kakumbatia mto, mwili ameuinamisha mbele. Ukimlaza chali anapiga kelele. Alitapika, akatapika tena, nafuu hakuna. "Mwanangu, ni kama mtu ananikaza mkanda kwa ndani, hadi mgongoni."

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, lina urefu wa kama sentimeta 15. Linatengeneza insulini, na pia vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Vimeng'enya hivyo kwa kawaida huamka vikishafika kwenye utumbo mdogo. Mrija wake na ule wa nyongo kwa watu wengi hutokea pamoja, mlango mmoja. Kijiwe kikitoka kwenye kifuko cha nyongo kikakwama pale, vimeng'enya vinaamkia ndani ya kongosho, nalo linaanza kujimeng'enya lenyewe. Na usidhani kijiwe kikubwa ndicho kibaya zaidi. Vidogo ndivyo vinavyopenya hadi mlangoni.

Sisemi pombe isamehewe. Vijiwe vya nyongo na pombe ndivyo visababishi vikubwa viwili duniani, na mtu wa kushinda kilabuni miaka nenda rudi anaweza kufika kwenye uvimbe sugu: anakonda, choo kina mafuta na kinaelea, mwisho kisukari. Sigara nayo inaongeza hatari. Kuuliza kuhusu pombe ni kazi ya daktari. Ninachokataa ni kuuliza kama hakimu, kwa sababu mgonjwa akishahukumiwa, hakuna anayehangaika kutafuta kijiwe.

Kilichotuokoa ni daktari kijana wa zamu ya asubuhi. Aliagiza kipimo cha damu cha lipesi, kimojawapo cha vimeng'enya vya kongosho, ambacho kikifika mara 3 ya kikomo cha kawaida au zaidi, pamoja na maumivu ya aina ile, jibu limepatikana. Utrasaundi ikaonyesha vijiwe. Dripu, dawa ya maumivu, na mara kutapika kulipokoma, uji. (Mimi nilijua mgonjwa wa namna hii hufungishwa siku nyingi, kumbe siku hizi akiweza kula, anapewa.) Wengi hupona ndani ya wiki moja hivi. Wachache huzidiwa hadi mapafu na figo kugoma, ndiyo maana maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni na kutapika kusikokoma si ya kusubiri kupambazuke.

Baadaye alifanyiwa upasuaji kuondoa kifuko cha nyongo, maana kikibaki, ugonjwa hurudi kwa urahisi. Lakini maneno yalishatangulia kwetu Ilula. Sokoni, kwenye matenga ya nyanya, mama mmoja alimuuliza kwa upole kabisa kama ameshaiacha.

Vijiwe alipewa kwenye kichupa. Viko vinne, kama punje za mbaazi, kabatini sebuleni kando ya kitabu cha nyimbo. Mgeni akianza kuzungukazunguka na pole zake, shangazi anakishusha, anakitikisa kidogo, anamwambia, "Karibu, pombe yangu hii hapa."