Mdahalo wa chuo: mizani iko kwenye hoja, si kwenye viti

Chuo kikitaka kuonyesha kinajali mawazo tofauti, mara nyingi huita wageni wawili, mmoja wa kuunga mkono na mmoja wa kupinga, kikawaketisha kwenye meza yenye kitambaa na maji ya chupa. Baada ya saa mbili kila aliyehudhuria anatoka na wazo lile lile aliloingia nalo. Viti vilikuwa sawa. Kilichopinda ni hoja, yaani sentensi iliyowekwa mezani ibishaniwe.

Chukua jambo ambalo Tanga halikwepeki, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, pwani ya Tanga. Hoja inayoandikwa haraka haraka ni hii: "Bomba la mafuta lina faida kwa Tanga." Haifai. Faida kwa nani, mpagazi wa bandarini au mkulima wa Muheza? Ya mwaka huu au ya miaka ishirini ijayo? Tena inachanganya ya kubishaniwa na ya kupimwa. Kwamba bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, hakuna wa kulipinga. Kwamba mafuta yale yana nta nyingi na lazima yapashwe moto, nyuzi 50 hivi za Selsiasi, ndipo yatiririke, hilo ni la kipimajoto. Hayo yachapwe kwenye karatasi moja na kugawiwa mlangoni, ili msemaji asile muda wake akiyasimulia.

Sasa linganisha na hoja hii: "Wenye mashamba yaliyoangukia kwenye mkuza wa bomba walipaswa kupewa ardhi mbadala kwanza, fedha baadaye." Mkuza ni ukanda wa mita 30 tu, lakini unapita kwenye minazi na michungwa ya watu. Anayeunga mkono atasema mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, na fedha taslimu huisha kabla ya mche kufika kiunoni. Anayepinga atasema mtu mzima hachaguliwi pa kuhamia, na ardhi mbadala yaweza kuwa mbali na shule, kisima na makaburi ya wazee. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Ukitafuta ardhi nzuri unachelewa, ukiharakisha unalipa fedha. Hapo pande mbili zipo kweli, hazikutengenezwa kwa ajili ya ukumbi.

Swali kubwa zaidi ni kama chuo kilazimishwe kuwa na usawa wa namna hii. Wanaotaka hivyo wana mifano mikononi. Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa tamko lake la uhuru wa kujieleza miaka kumi na kitu iliyopita, na Uingereza ilitunga sheria ya uhuru wa kusema vyuoni mwaka 2023. Hata hapa nyumbani si jambo geni: Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni, na mwaka 1990 wanataaluma walitoa maazimio yao ya uhuru wa taaluma, Dar es Salaam na kisha Kampala. Hoja yao ni nzito: aliyesikia upande mmoja tu hawezi kuutetea hata huo wake akibanwa.

Wanaosita nao hawasemi upuuzi. Usawa wa lazima humpandisha jukwaani mtu asiye na ushahidi akae sawa na mwenye nao. Na hatari hailingani: anayekubaliana na wakubwa analala salama, anayewapinga anahesabu ada yake. Mwaka 1966, Dar es Salaam, wanafunzi karibu 400 walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kumbukumbu kama hiyo haifutwi na bango la "karibuni tujadiliane".

Mimi naona sheria ya kulazimisha usawa katika kila mhadhara itazaa unafiki. Lakini joto peke yake nalo halitoshi. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya miaka ya 1970 iliwaka kwa mijadala ya tabaka, dola na ubeberu, na bado wengi waliokuwa wakipambana walianzia kwa yule yule Karl Marx, mwasisi wa nadharia ya ukomunisti. Ukali ulikuwepo, upana ulikuwa mdogo.

Kinachosaidia ni utaratibu. Pande zigawiwe kwa bahati nasibu siku mbili kabla, ili asijulikane nani anasema la moyoni. Hilo humkinga mwoga na humfundisha mwenye kiburi. Kila msemaji apewe dakika saba. "Taarifa", yaani kumkatiza msemaji kwa swali au neno fupi, ziruhusiwe, sekunde 15, ila si katika dakika ya kwanza wala ya mwisho. Ukumbi upige kura kabla na baada, kwa karatasi zenye namba, zisizo na majina. Bila namba utadanganyika: kura zikitoka 40 kwa 20 zikawa 36 kwa 24, utadhani wamehama wanne, kumbe kumi wamekwenda huku na sita wamerudi kule. Hao kumi na sita ndio waliosikiliza.

Pwani ina kanuni ya zamani kuliko hizi. Katika malumbano ya ushairi, anayejibu hufuata bahari (umbo la shairi) ile ile na mara nyingi vina vile vile, mizani nane kwa nane. Huwezi kumjibu mtu hivyo bila kumsoma hadi silabi ya mwisho. Ukumbini ifanywe hivi: kabla ya kupinga, msemaji ana dakika moja ya kuieleza hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akiri "ndivyo". Asipokiri, saa inaendelea kula muda wa mpingaji. Wajanja hukataa kukiri makusudi, kwa hiyo mwenyekiti awe na neno la mwisho.

Lugha nayo huchuja mawazo kimyakimya. Mdahalo ukiwa wa Kiingereza, hushinda aliyesoma shule ya ada kubwa. Ukiwa wa Kiswahili, binti wa Pangani aliyeona shamba la mjomba likipimwa atakuwa na la kusema, na atalisema vizuri.

Na mgeni rasmi, ambaye kwetu hufungua kila kitu, asifungue. Akishasema "serikali imejipanga" saa tatu asubuhi, wanafunzi wameshajua jibu linalotakiwa. Apewe kiti kizuri, chai na vitumbua, na kipaza sauti baada ya kura ya pili kuhesabiwa.