Maumivu ya mwezini: karatasi ya "kawaida" isifunge kesi

Mwanamke mwenye maumivu makali ya mwezini, Unguja au Pemba, kwa kawaida ameshaambiwa ana chango, ameshakunywa dawa za miti na panadoli, na mkobani ana karatasi ya altrasaundi iliyoandikwa "kawaida". Karatasi hiyo ndiyo inayowapa nguvu wanaosema altrasaundi haigundui endometriosisi (ugonjwa ambao nyama inayofanana na ya ndani ya kizazi huota nje yake), na kwamba jibu la kweli ni upasuaji wa matundu tu: kamera iingie tumboni, kipande cha nyama kikapimwe maabara.

Wana hoja. Madoa membamba yaliyotapakaa juu ya utando wa ndani wa tumbo, altrasaundi haiyaoni. Mwanamke anaweza kugaagaa kila mwezi na picha ikatoka safi.

Lakini tuulize kwanza karatasi ile imetokana na kipimo gani. Mara nyingi ni cha juu ya tumbo, cha dakika chache, kinachotafuta mimba au faibroidi. Endometriosisi haikutafutwa, ingeonekanaje?

Kuitafuta kuna namna yake. Kifaa huingizwa ukeni, kibofu kikiwa na mkojo kidogo. Kwenye ovari, kifuko chenye damu ya zamani huonekana kijivu kilichotanda sawasawa kama ukungu. Kifuko cha maji huwa cheusi. Kila ovari husukumwa kidogo kuona kama inacheza au imeganda, na mgonjwa huulizwa panapomuuma. Kisha ncha ya kifaa husukuma shingo ya kizazi taratibu, mkono wa pili ukibonyeza tumbo kwa nje, na jicho halibanduki pale kizazi na utumbo vinapokutana. Utumbo ukiteleza, nafasi ya nyuma ya kizazi iko wazi. Vikienda pamoja, vimeshikana. Hilo halionekani kwenye picha iliyochapishwa, kwa sababu ni mwendo. Aliyepima asipoliandika, limepotea. Baada ya hapo hutafutwa vinundu vya ugonjwa huu kwenye kibofu, kwenye mishipa inayoshika kizazi kwa nyuma na kwenye ukuta wa utumbo. Mwisho ni figo, kutokea juu ya tumbo, kwani kinundu kinaweza kubana mrija wa mkojo na figo ikaharibika kimyakimya.

Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kipimo cha ukeni kinagundua vifuko vya ovari kwa wanawake 93 katika kila 100 walio navyo, na vinundu vya ndani kwa 79. Wapinzani hushika wale 21 waliobaki, na ni kweli: picha safi haifuti ugonjwa. Ila katika kila 100 wasio na vinundu, 94 huambiwa sawasawa kuwa hawana. Basi kinundu kikionekana, ni vigumu kukipuuza. Mwongozo wa endometriosisi wa Ulaya wa 2022 uliacha kuuita upasuaji kipimo cha mwisho. Upasuaji huo umewekewa wale ambao picha haikuonyesha kitu au dawa hazikufaa.

Kwa mtu wa Mkoani, Pemba, anayepanda boti hadi bandari ya Malindi, Unguja, na wa kumsindikiza, kuyajua haya kabla ya upasuaji ni jambo kubwa. Daktari akifungua tumbo akitarajia kifuko tu, akakuta utumbo umegandana na kizazi na hakuna bingwa wa utumbo, atakamua kifuko na kufunga. Kifuko kilichokamuliwa tu hurudi mara nyingi. Upasuaji wa pili unafuata, na kila kifuko kinapobanduliwa, sehemu ya mayai ya ovari huweza kwenda nacho.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwari. Msichana ambaye hajaolewa haingizwi kifaa ukeni, na hilo si la kubishaniwa. Kipimo cha juu ya tumbo, kibofu kikijaa, huweza kuonyesha kifuko kikubwa. Kupitia njia ya haja kubwa inawezekana pia, akiridhia mwenyewe baada ya kuelezwa vizuri, mama yake akiwepo. Hata picha ikiwa safi, dawa za maumivu na za homoni zinaweza kuanza. Kumwambia "utapona ukiolewa" si tiba.

Na anayeandika ombi la kipimo asiishie "maumivu ya tumbo". Aandike maumivu ni ya siku za hedhi, choo kinauma siku hizo, tendo la ndoa linauma. Aombe ovari zisukumwe, utumbo uangaliwe kama unateleza, na figo zote mbili zitazamwe.