Wakanda, Talokan na vita vya panzi

Tangu Black Panther: Wakanda Forever, filamu ya Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni, itoke mwaka 2022, wapo wanaolalamika kwamba siasa za rangi zimezidi. Kinachowaudhi zaidi ni Namor, ambaye kwenye vitabu vya katuni alikuwa mfalme wa Atlantis, kugeuzwa Mmaya, mwenyeji asilia wa Amerika ya Kati, anayetawala Talokan, dola ya chini ya bahari.

Kwangu mageuzi hayo ndiyo uhai wa filamu. Mwongozaji Ryan Coogler ameirudisha hadithi Yucatán, Mexico, ya karne ya 16: Wahispania wameingia, ndui imeingia nao, na watu wanachagua bahari kuliko utumwa. Namor anaigizwa na Tenoch Huerta wa Mexico, na mama yake na María Mercedes Coroy, Mmaya wa Guatemala. Kimaya kinasemwa kama lugha ya watu wenye dola yao. Sisi tuliomshangilia Lupita Nyong'o kwenye Black Panther ya kwanza mwaka 2018 tunajua raha hiyo. Kwa nini tuwaonee wivu wenzetu?

Kinachoniuma ni kingine. Mwanzoni, Wafaransa wenye silaha wanavamia kituo cha Wakanda huko Ansongo, Mali, wakitafuta vibranium, madini ya kubuni yenye nguvu za ajabu. Wamarekani nao wako Atlantiki na mtambo wa kuisaka. Basi adui anajulikana! Kipande hicho cha Mali kilimkera hata waziri wa ulinzi wa Ufaransa wakati huo, Sébastien Lecornu, akakipinga hadharani mwaka 2023. Kiligusa penyewe. Halafu filamu inakiacha, na baadaye Waafrika wa Wakanda na Wamaya wa Talokan wanauana wao kwa wao. Malkia Ramonda wa Wakanda anakufa maji, na mwigizaji Angela Bassett alikuwa amembeba vizuri mno kwa kifo cha namna hiyo. Wenye tamaa ya madini wanakaa pembeni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Msomaji aliyeko Kolwezi au Goma hahitaji kuelezwa madini huleta wageni gani. Kwake, kuona sura nyeusi na mavazi ya mbunifu Ruth Carter yaliyoshinda Oscar ni jambo jema, lakini haki yake ni kuona pia ugomvi wake ukitajwa kwa jina na kupiganwa hadi mwisho.

Dakika za mwisho Namor anaeleza kwamba mataifa ya nje yataishambulia Wakanda, nayo itageukia Talokan kuomba msaada. Coogler alipaswa kuanzia hapo. Filamu ya tatu ikija, nataka Shuri, binti wa Ramonda, na Namor wakae upande mmoja tangu mwanzo, na vikao vya Paris na Washington vinavyopanga uvamizi tuvione waziwazi.