Zabibu za Dodoma tuzikaushe wenyewe, tuache kusubiri lori

Hivi ukiingia supamaketi hapa Dodoma mjini ukachukua pakiti ya zabibu kavu ukageuza nyuma, umeshaona zinatoka wapi? Nazokuta mimi ni za nje. Dodoma hii hii ambayo mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na bado kuna misimu watu wanamwaga mzigo. Inaniuma kweli.

Shida ya zabibu ni kwamba haisubiri. Mahindi ukiona bei mbaya unafunga gunia unaweka ndani, zabibu ikishakatwa una siku chache tu na wanunuzi wanalijua hilo. Msimu uliopita kule Mpunguzi nilikuta makreti yamepangwa chini ya mti, lori liliahidiwa asubuhi, jioni halijafika, makreti ya chini yameshaanza kuvuja na nyuki wamejaa, mama mwenye shamba kakaa anachambua zilizopasuka moja moja. Lori likaja kesho yake, bei ikashushwa, akapokea. Angefanyaje sasa?

Wengi wanasema tuongeze viwanda vya mvinyo. Sipingi, ila kiwanda kinataka matangi na mtaji mkubwa, na mkulima anabaki pale pale kusubiri aitwe. Kukausha kunafanyika kijijini, na Mungu katupendelea kwa sababu mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia kiangazi chenyewe, jua kali, upepo mkavu, mvua hamna. Unazichovya kidogo kwenye maji ya moto ule utando wa nta kwenye ganda ulegee, unatandaza kwenye vichanja vya wavu, unafunika kuzuia vumbi na inzi, unageuza mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 15 hivi. Za Februari zinakutana na mvua, hizo zikamuliwe tu ziwe mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo.

Hesabu nayo tuiseme wazi watu wasidanganywe: kama kilo 4 mbichi zinatoa kilo 1 kavu, kwa hiyo bei ya kavu isipozidi mara nne ya mbichi, na gharama juu yake, hujapata kitu. Lakini hiyo kilo moja inakaa miezi bila friji, inapanda kontena mpaka bandari ya Dar na kuvuka bahari bila kuoza, na wewe ndo unaamua uuze lini. Afrika Kusini kule Northern Cape, kando ya mto Orange, ni pakavu kama kwetu na wanauza zabibu kavu Ulaya miaka na miaka.

Kuna mambo mawili yatatukwamisha tusipoyashika mapema. La kwanza mbegu, maana aina yetu ya zabibu, Makutupora Red, ni nzuri kwa mvinyo ila ina mbegu, na wanunuzi wa nje wa zabibu kavu wengi wanataka zisizo na mbegu, hapo TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, watusaidie miche ya aina hizo imfikie mkulima wa ekari moja, isiishie kwa wenye mashamba makubwa. La pili dawa. Tunapiga sana dawa za ukungu, na Ulaya wanapima mabaki, mzigo mmoja ukirudishwa tumechafuka mkoa mzima. Kila mkulima awe na daftari, alipiga dawa gani na lini, basi.

Mi naona AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ndo zianze, Agosti inayokuja, na vichanja, mizani, kipima unyevu na chumba safi cha kufungashia, halafu wafuatilie nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Na mkulima akileta zabibu zake apewe malipo ya awali siku hiyo hiyo, hili nalisisitiza sana, kwa sababu mtoto anadaiwa michango shuleni na duka la dawa linamdai, hawezi kukaa wiki mbili anaangalia zabibu zinakauka huku mfukoni hamna kitu. Bila hiyo pesa ya mwanzo atauza kwenye lori kama kawaida, na mimi siwezi kumlaumu.