Nilivyojivua Madaraka kwa Herufi Moja

Nilikuwa msimamizi pekee wa seva ya ofisi yetu, na cheo hicho nilikibeba bila unyenyekevu wowote. Nilikuwa nimefunga hata nenosiri la root, akaunti yenye mamlaka yote juu ya seva, ili mtu yeyote asiingie kwa jina hilo, kwa hoja kwamba mamlaka yote yapitie sudo, amri inayompa mtumiaji aliyeruhusiwa nguvu za root, yaani yapitie kwangu. Asubuhi ile niliombwa jambo dogo tu: kuandaa folda ambamo wenzangu wawili na mimi tungehifadhi ripoti za kila mwezi, na ambayo mtu mwingine asingeweza kuifungua.

Nikaunda kundi la watumiaji kwa amri ya groupadd ripoti, kisha nikawaingiza wenzangu mmoja baada ya mwingine kwa usermod -G ripoti, nikifuatisha jina la kila mmoja. Amri zikapita kimya, kama ilivyo kawaida ya amri za Linux zinapokubali. Nisichokijua ni kwamba -G ikiwa peke yake haimwongezi mtu kwenye kundi, bali humpangia upya makundi yake yote ya ziada, yabaki yale tu yaliyotajwa. Anayetaka kuongeza hana budi kuweka herufi a, amri ikawa -aG. Wenzangu hawakudhurika kwa sababu hawakuwa na kundi lolote la kunyang'anywa. Mimi nilikuwa katika makundi manane, likiwamo lile la sudo, lililoniruhusu kutumia amri hiyo.

Nikaandika jina langu.

Nilipopiga id, amri inayoonyesha makundi ya mtumiaji, ili nijipongeze, makundi yangu manane yalikuwapo yote, na la ripoti halikuwamo. Nikarudia amri ileile huku nikibonyeza kitufe kwa nguvu zaidi, mbinu ambayo haijapata kunisaidia lakini siiachi. Hali haikubadilika. Hapo ndipo ujuzi wangu, ambao laiti ungeendelea kulala, ulipoamka na kunikumbusha kwamba mfumo humgawia mtumiaji makundi yake pale anapoingia, kwa hiyo terminali (dirisha la kuandikia amri) iliyokuwa mbele yangu ilikuwa bado inaishi kwa orodha ya zamani. Maana yake ni kwamba sudo ilikuwa bado mkononi mwangu, na amri chache tu zingerudisha kila kitu. Nikaandika exit, nikatoka, nikaingia upya.

Safari hii sudo ilipokea nenosiri langu, ikanijibu kwamba simo katika faili la sudoers, orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo, na kwamba tukio hilo litaripotiwa. Nikajaribu tena, kisha tena. Papo hapo simu yangu ikalia mara tatu. Zilikuwa barua pepe tatu za tahadhari ya usalama, kwa kuwa barua zote za root nilikuwa nimezielekeza kwangu, na kila moja ilimwarifu msimamizi kwamba kuna mtu anajaribu kutumia mamlaka asiyopewa. Kwa sekunde chache, naona haya kukiri, nilimwogopa mtu huyo kwa dhati. Kisha nikasoma jina lake.

Nikakumbuka root, nikakumbuka pia aliyeifunga.

Ilibaki njia moja, nayo ilinitaka niende mwenyewe kwenye chumba cha seva. Niliwaomba wenzangu wahifadhi kazi zao kwa sababu ya kile nilichokiita matengenezo ya kawaida, nikaiwasha seva upya, na ilipofika GRUB, programu inayouwasha mfumo, nikabonyeza e na kuongeza init=/bin/bash mwishoni mwa mstari wa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Mashine ikaamka ikinitambua kuwa root bila kuuliza chochote, jambo lililonifurahisha na kunitisha kwa pamoja. Nikaandika usermod -aG sudo kwa uangalifu wa mtu anayetegua bomu. Ikanijibu kwamba imeshindwa kulifunga faili la /etc/passwd, nijaribu baadaye. Diski ilikuwa imefunguliwa kwa kusomwa tu. Nikaandika mount -o remount,rw /, nikarudia amri, ikapita.

Yalikuwa yamebaki makundi mengine ambayo sikuyakumbuka yote. Baadaye niligundua kwamba usermod huacha nakala ya orodha ya awali katika faili la /etc/group-, nikalifungua kwa shangwe, nikakuta nakala hiyo imeshafutwa na nakala mpya: ile iliyowekwa na amri yangu ya uokoaji. Niliyapata kwenye kumbukumbu za mfumo, ambamo kila kundi nililoondolewa lilikuwa na mstari wake na saa yake, na chini yake mistari mitatu ya sudo ikinishtaki.

Mkuu wetu alitaka maelezo ya maandishi kuhusu seva kuzimwa mchana wa kazi. Niliyaandika kurasa mbili, nikayaweka kwenye folda ya ripoti, mahali pekee ambapo haki zangu hazikuwa zimetetereka tangu nilipoingia upya asubuhi ile.